Wameniuliza Mita Iko Wapi, Hakuna Aliyeuliza Maji Machafu Yanaenda Wapi

Nyumba yangu iko Ruai, ukingoni mwa Nairobi upande wa mashariki, lakini bado ndani ya mipaka ya kaunti. Haina mita ya stima, haina mita ya maji, na hakuna bomba la maji taka linalopita karibu. Stima tunaitoa kwenye jua, maji tunayakinga kwenye paa, na kinachotoka chooni na jikoni kinamalizikia humu humu kwenye ploti. Tumeishi hivi kwa miaka sasa, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, na ni maisha ya kawaida kabisa: asubuhi ni mbio za sare na chai, jioni ni kazi za shule na taarifa ya habari.

Sikuja kuuza sola. Nimekuja kwa sababu ya makaratasi. Tangu tuhamie huku, kila ofisi niliyoingia imetaka kujua mita yangu iko wapi. Hakuna hata moja iliyotaka kujua maji machafu ya nyumba hii yanaelekea wapi, wala betri zangu zikifa nitazipeleka wapi. Nimelifikiria jambo hili sana, na nimefika mahali pa kuamini kwamba wanaotusimamia wanashika upande usiofaa: wanakaza pale ambapo pangeweza kulegezwa, na wanalegeza pale ambapo afya ya mtaa mzima iko hatarini.

Nianze na jinsi tulivyofika hapa. Ploti yetu ni ya futi 50 kwa 100, kama za wengi wa huku, na tuliinunua wakati barabara ilikuwa alama za matairi kwenye nyasi. Mradi wa serikali wa kusambaza stima vijijini na vitongojini, ule wa Last Mile ulioanza mwaka 2015, ulikuwa umeshusha ada ya kuunganishiwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Kwa familia nyingi ilikuwa baraka. Lakini ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na sisi tulikuwa mbali zaidi. Tulipoomba makadirio tukaambiwa tulipie nguzo na waya sisi wenyewe. Kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ile kingenunua paneli, betri na inveta, na kingine kikabaki cha kuezekea. Tukaketi mezani na mume wangu, tukapiga hesabu mara mbili, tukamwita fundi wa sola.

Fundi huyo alikuwa na leseni, na hilo nililisisitiza. Kanuni za sola za mwaka 2012 zinataka anayefunga mitambo hii awe amesajiliwa, na ziliwagawa mafundi kwa madaraja, T1 wa mitambo midogo hadi T3 wa ile mikubwa na ile inayochanganywa na gridi. Leo leseni hizo hutolewa na mamlaka ya nishati na petroli, EPRA. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Betri iliyofungwa vibaya inaweza kuchoma nyumba, na waya wa sola hauzimiki kwa kubonyeza swichi wakati jua linawaka. Hapa serikali inauliza swali lenye maana: nani aliyefunga, na anajua anachofanya?

Tuna paneli sita juu ya paa, zinazotoa kama kilowati 2.7 jua likiwa kali, na betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5. Januari na Februari tunakuwa na stima hata ya kugawa. Pasi na mashine ya kufulia ni za saa sita mchana. Jioni inabaki taa, friji, televisheni na simu. Shawa ya kupasha maji kwa umeme, ile inayokula wati 5,000 kwa mara moja, haikuingia kwenye nyumba hii. Maji ya kuoga yanapashwa na tangi la jua, na tunapika kwa gesi ya mtungi.

Halafu unakuja Julai. Mtu wa mbali hudhani kwa kuwa tuko karibu na ikweta basi jua letu halina msimu. Aliyekaa Nairobi anajua. Kuanzia Juni hadi Agosti wingu hushuka na kutanda juu ya jiji kama kifuniko cha sufuria, na kuna siku jua halionekani kabisa hadi saa tisa. Hapo paneli zile zile hutoa nusu ya zinachotoa Februari, pengine chini ya hapo. Watoto wamejifunza kuangalia kiasi cha betri kabla ya kuwasha televisheni. Mume wangu huosha paneli mwenyewe, kwa sababu vumbi la barabara yetu likichanganyika na manyunyu linakuwa tope jepesi linaloziba mwanga. Nasema haya kwa sababu anayetaka kuishi hivi Nairobi asipige hesabu zake Januari. Apige Julai.

Sheria yenyewe haina ugomvi na mimi. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inamruhusu mtu kujizalishia umeme wa matumizi yake mwenyewe bila leseni ya uzalishaji, mradi asipite megawati 1. Mtambo wangu ni punje kando ya kiwango hicho. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 162, ikafungua mlango kwa mwenye sola aliyeunganishwa na gridi kurudisha umeme wake wa ziada na kuhesabiwa kwenye bili, na kanuni zake zikafuata mwaka 2024. Kwa hivyo katika vitabu vya sheria mimi ni raia anayefanya jambo lililokubaliwa. Matatizo yanaanzia kaunta.

Mara ya kwanza ilikuwa benki. Tulitaka mkopo mdogo wa kumalizia ukuta. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, akapitia fomu mstari kwa mstari.

"Mama, hapa panahitaji bili ya stima au ya maji, ya miezi mitatu ya karibuni."

"Sina bili, kijana wangu. Natumia sola, na maji ni ya mvua."

Akanyamaza kidogo. "Hata tokeni? Namba ya mita tu inatosha."

"Sina mita."

"Basi weka ya jirani, Mama. Wengi hufanya hivyo."

Sikuiweka. Nilimwambia sitaandika uongo kwenye fomu niliyotia sahihi, na simlaumu yeye, kwa sababu alikuwa ananitafutia njia. Lakini fikiria mfumo huo. Nina hati ya ardhi yenye jina langu. Nina ramani za ujenzi zenye muhuri. Nina barua ya chifu anayejua geti langu. Yote hayo hayakutosha kuonyesha kwamba naishi ninapoishi, ila namba ya mita ya mtu mwingine ingetosha. Mkopo ulitoka baadaye, katika taasisi nyingine iliyokubali kutuma mtu aje aione nyumba.

Kisha ikaja ofisi ya kuidhinisha nyumba kwa makazi. Huko walikuwa na orodha yao: ramani, cheti cha mhandisi, malipo, na uthibitisho wa kuunganishwa na stima na maji. Nikaeleza. Nikapeleka cheti cha fundi wa sola, michoro ya matangi, na michoro ya mfumo wa maji taka. Afisa aliyapokea, akayatazama kwa upole, akasema faili langu haliwezi kusonga kwa sababu sehemu mbili ziko wazi. Nilimwomba basi aandike kwamba nyumba ina stima na ina maji, kwani vyote viwili vipo. Akasema fomu haiulizi kama vipo, inauliza vinatoka kampuni gani. Nilirudi pale mara nyingi, na ndani ya safari zote hizo michoro ya maji taka haikufunguliwa.

Kuna ugomvi mwingine ambao haukutoka ofisini. Ulitoka kwa majirani, na huo uliniuma zaidi kwa sababu ulikuwa na haki ndani yake. Wenye ploti wa mtaa wetu waliunda kundi la kuomba transfoma. Kadiri majina yanavyokuwa mengi, ndivyo ombi linavyokuwa na uzito na ndivyo mchango wa kila mmoja unavyopungua. Mzee mmoja wa upande wa chini, mtu ninayemheshimu sana, alikuja nyumbani jioni moja.

"Mama," alinianza baada ya chai, "wewe umejitosheleza, na Mungu akubariki. Lakini mjane yule wa kona hana pesa za paneli. Anasubiri stima. Nyinyi wenye uwezo mkijitoa, nani atatusaidia kuivuta?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumpa la haraka. Alichosema ni kweli, na ni kweli kwa nchi nzima pia. Gridi inaendeshwa kwa michango ya wengi. Nguzo, nyaya, vituo vya kupozea umeme, mishahara ya mafundi wanaopanda juu usiku wa mvua, vyote hulipwa kupitia bili. Viwanda, maduka makubwa na nyumba za wenye nacho wakihamia sola, gharama hizo haziondoki. Zinabaki kwa waliobaki, na waliobaki ni wale wasioweza kununua betri. Mtu anayeishi nje ya gridi bila kuliwaza hilo hajamaliza kufikiri.

Na lazima niongeze jambo ambalo wapenzi wenzangu wa sola hawapendi kulisikia. Hatuwezi kudai kwamba tumetoka kwenye gridi ya Kenya ili kuokoa hali ya hewa. Sehemu kubwa sana ya umeme wa gridi yetu tayari ni safi: mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana wenye uwezo wa megawati 310. Ni nchi chache zinazoweza kusema hivyo. Sababu zetu ni nyingine, na ni halali: umbali, gharama ya kuunganishwa, na kukatikakatika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza, majirani walikuja kwetu na simu na tochi za kuchaji hadi meza ikajaa. Hiyo ndiyo faida niliyoiona kwa macho yangu.

Tulifanya hivi: tukatia sahihi kuruhusu nguzo zipite pembeni mwa ploti yetu, na tukatoa mchango wetu wa transfoma kama jirani yeyote, ingawa hatukuchukua mita. Mume wangu alisita mwanzoni. Mimi sikuona njia nyingine ya kumtazama yule mzee usoni. Stima ilifika upande wa chini, na mjane wa kona sasa anafuga vifaranga kwa taa. Nafurahi kila nikiiona inawaka. Ninachokataa ni kulazimishwa kuwa na mita ili nihesabiwe mkazi. Kama jiji linaona wenye sola tunapaswa kuchangia miundombinu, na mimi naona hivyo, basi litutoze kwa uwazi, kwa jina lake, tujue tunalipia nini. Lisitumie fomu ya makazi kama mtego.

Kwa upande wa maji, hali ni ngumu zaidi, na msimamo wangu ni tofauti.

Maji ya Nairobi hayatoki Nairobi. Zaidi ya asilimia 80 yametegemea bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na linaloweza kushika mita za ujazo milioni 70. Mvua zilipopungua, mgao ulianza Januari 2017, na jiji limeishi na ratiba ya mgao tangu hapo: mtaa huu Jumanne, mtaa ule Alhamisi na Jumapili. Watu wa Nairobi karibu wote wanaishi nusu nje ya mfumo wa maji bila kujiita hivyo. Angalia matangi meusi juu ya kila paa, angalia mabowza, yale malori ya maji, yanayopanga foleni Embakasi, angalia mikokoteni ya mitungi ya lita 20 huko Kayole. Mathare, mtaa wa mabanda, mwaka 2015 ziliwekwa mashine za kuuzia maji kwa kadi, lita 20 kwa senti 50, bei ambayo wachuuzi wa mitungi hawakuwa wameikaribia. Nalitaja hilo makusudi. Mtu wa Mathare au Mukuru anayenunua maji kwa mtungi na kuvuta stima ya sambaza, ile inayounganishwa kinyemela, hakuchagua kuishi nje ya huduma kama nilivyochagua mimi. Aliachwa nje.

Hesabu ya mvua ni rahisi na inafaa kila mtu aijue. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa letu lina mita za mraba 100. Mwaka wa milimita 700 ungetupa lita 70,000, ukitoa inayomwagika na ile ya kwanza ya kuosha vumbi, zinabaki kama 55,000. Sisi wanne tukitumia lita 40 kila mmoja kwa siku, ni lita 160. Matangi yetu mawili ya lita 10,000 yakijaa mwisho wa Mei, yanatufikisha siku 125, yaani mwisho wa Septemba, na mvua za vuli huanza kati ya Oktoba na Novemba. Huo mwezi wa katikati ndio mwezi wa bowza. Hakuna ujanja wa kuukwepa isipokuwa tangi la tatu, ambalo tunaliwekea akiba.

"Si uchimbe kisima?" huniuliza wageni. Kuchimba kisima kirefu si jambo la mtu binafsi, na hapa nasimama upande wa serikali bila kusita. Maji ya chini ya Nairobi yamewekwa chini ya hifadhi tangu mwaka 1953, kwa sababu hata wakati huo ilionekana yanavutwa kuliko yanavyojazwa. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, maji yote ya nchi yako mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na anayechimba anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Leo kila jumba la ghorofa linataka kisima chake, na viwango vya maji vinazidi kushuka. Juu ya hayo, visima vingi vya upande huu vina madini ya floraidi kuliko miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, kiasi kinachoharibu meno ya watoto na, kikizidi sana, mifupa. Nikichota mvua inayonyesha juu ya paa langu sijamnyima mtu. Nikitoboa ardhi, nanyonya chini ya ploti ya jirani. Kibali hicho kikazwe, na waliochimba bila kibali wafuatwe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ruai ndipo yalipo mabwawa makubwa ya kusafishia maji taka ya jiji, yanayojulikana kwa jina la Dandora. Uchafu wa Westlands, wa katikati ya mji, wa Eastlands, unatiririka kwenye mabomba hadi kwetu, unapita kwenye mabwawa, halafu unaingia Mto Nairobi. Upepo ukigeuka jioni tunaisikia harufu. Na bado sisi wa Ruai, wenye mabwawa yale pembeni, wengi wetu hatujaunganishwa nayo. Nusu ya jiji hivi haina bomba la maji taka. Tunachimba mashimo.

Na udongo wetu si wa kuchimbia shimo. Ni ule mweusi unaonata, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka hadi unaweza kuingiza mkono kwenye ufa. Wakati wa masika haunyonyi chochote. Chini yake kidogo unakutana na jiwe. Shimo la choo lililochimbwa humo linajaa maji ya mvua mwezi Aprili na kumwaga juu, au linapata ufa kwenye jiwe na kupeleka uchafu usikojua, pengine kwenye kisima cha mtu. Wako wanaoita lori la eksosta, lile la kunyonya maji taka, na wako waliochoka kulipa, wakaweka bomba la kutolea usiku wakati wa mvua. Kila mtu mtaani anajua geti gani. Kipindupindu kiliingia Nairobi mwaka 2017 hadi kwenye hoteli na mikutano ya wakubwa, na hata hapo haikuwa siri kinaletwa na nini: kinyesi kukutana na maji ya kunywa au chakula.

Kwa hivyo sehemu iliyotugharimu fikira nyingi kuliko zote haikuwa sola. Ilikuwa choo. Tulijenga tangi lililozibwa vizuri, lenye vyumba vitatu, ambamo taka inaoza bila hewa na tope linatulia chini. Maji yanayotoka mwisho hayaingii kwenye shimo la kunyonya, kwa sababu udongo usingeyanyonya. Yanaingia kwenye kitanda kilichoinuliwa juu ya ardhi, chenye kokoto na mchanga tulioleta kwa lori, na juu yake tumepanda migomba. Migomba hunywa sana. Maji ya jikoni na ya kufulia yana kitanda chao. Hatuna kisima, na jirani wa karibu mwenye kisima tulimpimia umbali naye akiwepo, tukaweka kitanda upande wa mbali naye. Mhandisi aliyetuchorea alisema huwa anachora mifumo kama hii na wenye nyumba wanaiacha kwenye karatasi, kwa sababu hakuna anayekuja kukagua.

Hilo sitaki lipite hivi hivi. Hakuna anayekuja kukagua. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi wa mazingira, na ibara ya 42 inampa haki ya mazingira safi. Mtoto wa jirani yangu anaumia au kupona kutokana na ninachofanya na choo changu. Haumii hata kidogo kwa sababu sina mita ya stima. Lakini ukijumlisha muda wote ambao serikali na taasisi zake wameutumia juu ya nyumba yangu, karibu wote umeenda kwenye mita.

Na betri. Tulianza na betri za risasi na asidi, kama wengi, na zilipochoka mnunuzi wa vyuma chakavu alizitaka papo hapo, kwa pesa taslimu. Hatukumpa. Tulijua habari za Owino Uhuru, Mombasa, ambapo kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri kuukuu kiliwatilia sumu watu wa kijiji kizima, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, mama aliyekuwa akifanya kazi hapo na mtoto wake akaugua, ndiye aliyeongoza mapambano. Alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Baadhi ya betri zilizoyeyushwa katika mitaa kama ile zilitoka kwenye nyumba zinazojisifia jua. Zetu tulizirudisha kwa aliyetuuzia mpya, kwa risiti, kwa bei ya chini. Hakuna sheria iliyotusukuma, wala afisa aliyewahi kuuliza. Ningefurahi sana kama fomu ya makazi, badala ya sehemu ya namba ya mita, ingekuwa na sehemu ya betri: za aina gani, ngapi, zitarudi kwa nani.

Ombi langu kwa kaunti nimeliandika na nimelipeleka kupitia chama chetu cha wakazi. Kwa stima, mtukubali kwa cheti cha fundi mwenye leseni, basi. Kwa maji, mtupime kwa ujazo wa matangi na usafi wa maji yaliyomo, na mkaze visima. Kwa maji taka, njooni. Njooni kabla ya kuhamia, na mrudi kila baada ya miaka michache, mfungue mifuniko, kwa nyumba zenye bomba na zisizo nalo. Na kwa kuthibitisha makazi, barua ya chifu na hati ya ardhi zipewe uzito ule ule wa bili.

Jibu la maandishi halijaja. Lakini afisa wa afya ya umma wa eneo letu alisoma nakala aliyopewa na mwenyekiti wa chama, akaja mwenyewe kwa pikipiki asubuhi ya siku ya kazi. Aliomba nimfungulie tangi. Akainama, akatazama chumba kimoja kimoja, akachovya fimbo kupima tope, akaniambia lile la chumba cha kwanza litahitaji kunyonywa kabla ya mwaka kwisha. Akataka kujua kisima cha jirani kiko hatua ngapi, akahesabu mwenyewe kwa miguu hadi kwenye ukuta, akaandika. Akaniuliza nimeambiwa na nani nipande migomba. Hakuniuliza habari za mita.

Kisha akaniuliza kama majirani wa chini wangemfungulia mageti yao. Nikamwambia baadhi watamfungulia, baadhi hawatapenda. Nikavaa viatu, tukaenda pamoja, tukaanza na kwa yule mzee.